Mkia wa Ibara ya 63: Msimamizi Anayesubiri Ruhusa ya Anayesimamiwa

Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 kuna sentensi moja ambayo wanafunzi wangu huisoma mara moja, huipigia mstari, kisha huipita. Imo katika Ibara ya 63, ibara ndogo ya 3, aya ya (e). Inasema kwamba Bunge, katika kutekeleza madaraka yake, laweza kujadili na kuridhia mikataba yote inayoihusu Jamhuri ya Muungano na ambayo, kwa masharti yake, inahitaji kuridhiwa.

Nawaomba wasomaji wangu waisome tena, polepole. Mwanzo wake unanguruma kama simba: mikataba yote. Mwisho wake ni mkia wa nge, na kama ilivyo kwa nge, sumu iko mkiani: ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kufikia nukta, neno “yote” limekwisha kugeuka kuwa “baadhi”. Na baadhi hiyo haikuchaguliwa na Katiba, wala na Bunge, wala na wananchi. Imechaguliwa na mikataba yenyewe.

Sasa tuulize swali ambalo hata mtoto wa darasa la saba angeliuliza. Masharti ya mkataba huandikwa na nani? Huandikwa na maofisa wa Serikali wakiwa wameketi meza moja na maofisa wa upande wa pili. Wakiandika kwamba mkataba utaanza kutumika baada ya kuridhiwa, utapelekwa Bungeni. Wakiandika kwamba utaanza kutumika siku ileile ya kutiwa saini, aya ya (e) hailipi Bunge mahali pa kusimamia. Ibara ya 63(2) imelifanya Bunge kuwa chombo kikuu cha kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Aya ya (e) ikaja kuiachia Serikali hiyohiyo, ikishauriana na mgeni, iamue ni wakati gani inataka kusimamiwa. Wazee walikwisha kulisema hili kwa maneno machache: kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Hoja yangu katika makala haya ni moja, na sitaizungusha. Uamuzi wa kwamba mkataba huu uende Bungeni na ule usiende uondolewe katika mikataba yenyewe, uwekwe ndani ya Katiba. Mkataba usijiamulie kama utakaguliwa. Kinachofungwa na mkataba ndicho kiamue: ardhi, bandari, madini, maji, deni la taifa, majeshi, haki za raia.

Saini kwanza, maswali baadaye

Mfano ambao haujapoa vinywani mwetu ni ule wa bandari. Tarehe 25 Oktoba 2022 Serikali yetu ilitia saini makubaliano na Serikali ya Dubai kuhusu uendelezaji wa bandari zetu. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge likapitisha azimio la kuyaridhia, chini ya Ibara hiyohiyo ya 63(3)(e). Kati ya tarehe hizo mbili ni zaidi ya miezi saba. Lakini wananchi hawakuijadili hati hiyo kwa miezi saba. Mjadala wa hadhara ulipamba moto mwanzoni mwa Juni, Bunge likiwa limebakiza siku chache kupiga kura. Miezi ilikuwa ya Serikali na mwenzake. Siku zilikuwa za wenye nchi.

Naomba nieleweke. Siandiki haya kwa kuwachukia wawekezaji, wala sidai kwamba bandari ya Dar es Salaam ilikuwa inakwenda vizuri. Meli zilizosubiri nanga kwa siku nyingi zilikuwa gharama iliyomfikia mpaka mama anayenunua mafuta ya kupikia dukani. Ninachokihoji ni utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio unaobaki baada ya mkataba mmoja kupita na mwingine kuja.

Tazama sharti moja tu la makubaliano yale, Ibara ya 23(4). Sharti hilo linasema kwamba pande mbili hazitakuwa na haki ya kujitoa, kusitisha au kuvunja makubaliano kwa hali yoyote ile, hata pale mmoja anapoyakiuka kwa kiwango kikubwa, hata pale mazingira yanapobadilika kimsingi, hata pale uhusiano wa kibalozi unapokatika. Mgogoro ukitokea, njia iliyowekwa ni usuluhishi, na makao yake ni Johannesburg. Na muda wa makubaliano yenyewe umefungwa kwenye uhai wa miradi na mikataba itakayotokana nayo.

Sasa linganisha na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu Sheria ya Mikataba, ambao nchi yetu ni mwanachama wake. Mkataba huo, katika Ibara ya 60, unaitambulia nchi haki ya kujinasua pale mwenzake anapouvunja mkataba kwa kiwango kikubwa. Ibara ya 62 inaweka mlango mwembamba kwa ajili ya mabadiliko makubwa ya mazingira ambayo hayakutarajiwa. Hizo ndizo haki ambazo dunia nzima imekubaliana kwamba nchi yoyote inazo, iwe Ufaransa au Burundi. Sisi tulizisalimisha kwa kalamu, na wabunge wetu walipozikuta zimekwisha kusalimishwa, walikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua: ndiyo au siyo. Mbunge anaweza kubadili nukta katika muswada wa sheria ya maji ya kijiji; hawezi kubadili nukta katika mkataba wa nchi mbili uliokwisha kutiwa saini. Humezwa mzima au hutemwa mzima.

Wapo wananchi waliokwenda mahakamani. Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya, ilitupilia mbali shauri lao tarehe 10 Agosti 2023. Uamuzi huo naufundisha darasani kwa heshima inayostahili uamuzi wa mahakama. Lakini funzo ninalolitoa humo ni kwamba tusiitwike mahakama mzigo wa kuziba tundu lililoachwa na waandishi wa Katiba. Jaji hupewa maandishi yaliyopo. Maandishi yakiwa na mkia, jaji hawezi kuukata. Wa kuukata ni sisi.

Mlango wa uani

Tuseme mkataba mkubwa umepita Bungeni. Je, kazi imekwisha? Hapo ndipo panapoanza sehemu ya pili ya tatizo, ambayo hata wanaharakati wetu hodari huisahau.

Mikataba ya siku hizi huja kama nyumba yenye ukumbi na vyumba. Ukumbini ni makubaliano baina ya serikali na serikali, yenye maneno mapana: ushirikiano, uendelezaji, maslahi ya pande zote. Vyumbani ndimo zilimo tarakimu: eneo gani, miaka mingapi, kodi gani, malipo gani, nani atabeba hasara. Bunge hukaribishwa ukumbini, likanywa chai, likaaga. Vyumbani huingia watu wengine.

Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 22 Oktoba 2023, miezi minne baada ya Bunge kuridhia, mikataba mahususi ilitiwa saini Dodoma, ukiwamo wa kupangisha na kuendesha gati namba 4 hadi namba 7 za bandari ya Dar es Salaam kwa miaka 30. Mtoto aliyezaliwa siku ile atakuwa na umri wa kuwa na watoto wake mkataba huo utakapokwisha. Mbunge anayetaka kujua tarakimu zilizomo hana ibara ya Katiba inayomtaka waziri amwekee mezani kabla ya saini kukauka.

Nitajibiwa kwamba tuna sheria. Ni kweli. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria mbili kuhusu utajiri na maliasili za nchi. Mojawapo inataka mikataba ya maliasili itolewe taarifa Bungeni ndani ya siku sita za vikao zinazofuata baada ya kufanyika, na inalipa Bunge uwezo wa kutaka masharti yasiyo ya haki yajadiliwe upya. Ni hatua njema. Lakini tuzingatie mambo mawili. Kwanza, taarifa huja baada ya mkataba kufanyika, na kuomba majadiliano mapya na mtu ambaye tayari ana saini yako mkononi ni sawa na mnunuzi anayepatana bei baada ya kulipa. Pili, sheria ya kawaida hubadilishwa na sheria ya kawaida, kwa wingi wa kawaida, katika mchana mmoja wa kawaida. Jambo la kufunga vizazi linahitaji ulinzi wenye uzito wa Katiba.

Na mlango wa kutokea je?

Sehemu ya tatu ya tatizo ni kimya. Aya ya (e) inazungumzia kuingia katika mkataba. Kuhusu kutoka haisemi neno.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, katika ardhi yetu. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko, chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoiunda mahakama hiyo, la kuwaruhusu raia na asasi kuishtaki Serikali moja kwa moja mbele yake. Wafungwa na watu wasio na jina kubwa mjini waliitumia njia hiyo, na kesi nyingi zilizofikishwa pale zilikuwa dhidi ya Tanzania. Novemba 2019 Serikali ikaliondoa tamko lile, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Raia wa Tanzania leo anaweza kupita nje ya jengo la mahakama hiyo kwa daladala, asiweze kuwasilisha humo shauri jipya dhidi ya Serikali yake.

Haki hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya raia. Aliyeirudisha ni nani? Ni Serikali iliyokuwa ikishtakiwa. Na katika Katiba yetu nzima sioni kifungu kinachomlazimisha mdaiwa huyo kupita kwanza kwa wawakilishi wa wadai.

Afrika Kusini ilikumbana na swali la namna hiyo. Serikali yake ilipeleka taarifa ya kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila kupitia Bunge. Februari 2017 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema kwamba taarifa ile ilikuwa kinyume cha Katiba: kama Bunge ndilo lililoidhinisha kuingia, Serikali haiwezi kutoka peke yake. Mwezi uliofuata taarifa ikafutwa. Hilo ni jambo la akili ya kawaida. Anayeoa kwa mashahidi hapaswi kuachana gizani.

Nje hawatatuokoa

Wanafunzi wangu huniuliza: kama Serikali ikitia saini kinyume cha Katiba, je, mkataba huo si batili mbele ya dunia? Natamani ningewajibu ndiyo. Jibu la sheria ya kimataifa ni kali zaidi.

Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna inasema nchi haiwezi kutumia sheria zake za ndani kama kisingizio cha kutotekeleza mkataba. Ibara ya 46 inatoa nafasi moja ndogo: nchi inaweza kusema kwamba ridhaa yake ilikuwa batili ikiwa kanuni ya ndani iliyovunjwa ni ya umuhimu wa msingi na uvunjaji wenyewe ulikuwa dhahiri, yaani unaonekana bila shaka na nchi yoyote inayotenda kwa nia njema.

Dhahiri! Hilo ndilo neno la kubeba. Kanuni yenye mkia kama wetu itakuwaje dhahiri kwa mgeni? Atasimama mbele ya wasuluhishi na kusema: Katiba yenu inasema Bunge “laweza”, inasema mikataba ambayo “kwa masharti yake” inahitaji kuridhiwa, huu wetu haukuhitaji, mimi kosa langu ni lipi? Na atakuwa amesema kweli. Utata ambao viongozi wetu wanauona kama nafasi ya kupumulia nyumbani, ugenini ni kitanzi chetu. Katiba inayonong’ona haisikiki Johannesburg.

Hatukuanza hivi

Yapo maneno ya kwamba kudai Bunge likague mikataba ni mambo ya kuiga kutoka Ulaya. Historia yetu inayakataa.

Kila mkataba mbaya unapotajwa, jina la Mangungo wa Msovero hutajwa pamoja nao. Novemba 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya alama za watawala juu ya karatasi za Kijerumani, na Februari 1885 karatasi hizo zikamletea hati ya ulinzi kutoka kwa mfalme wake. Tumezoea kumcheka Mangungo kwamba hakujua kusoma. Naona tunamwonea. Leo tuna shahada za sheria kuanzia wizarani hadi ubalozini, na bado tunalalamikia mikataba. Hatari ya karatasi zile haikuwa katika lugha yake peke yake. Ilikuwa katika dhana kwamba alama ya mtu mmoja inatosha kuifunga nchi na watoto wake ambao hawajazaliwa.

Waasisi wetu waliielewa hatari hiyo. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Julius Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Bungeni kueleza msimamo kuhusu mikataba ambayo Uingereza iliifanya kwa jina la Tanganyika. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kwa miaka miwili tu tangu siku ya uhuru. Baada ya hapo, ule ambao haukukubaliwa upya ungehesabiwa kuwa umekwisha, isipokuwa kama kanuni za kimataifa zingeubakisha. Ulimwengu wa wanasheria unaiita kanuni hiyo kwa jina lake mpaka leo. Kwa msimamo huo, mwaka 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya maji ya Nile ya mwaka 1929, ambayo yalizuia kazi katika mito na maziwa yanayoilisha Nile bila ridhaa ya Misri. Watu wa Mwanza na Bukoba walikuwa wamefungwa kuhusu maji ya ziwa lao na saini ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Tazama pia mahali ambapo msimamo ule ulitangazwa: mbele ya wawakilishi.

Muungano wenyewe unatufundisha somo la pili. Mapatano ya Muungano yalitiwa saini na Nyerere na Abeid Karume tarehe 22 Aprili 1964. Bunge la Tanganyika liliyaridhia siku tatu baadaye. Upande wa Zanzibar, mjadala wa kama Baraza la Mapinduzi liliyaridhia ipasavyo haujafungwa hadi leo. Profesa Issa Shivji ameuandikia kwa kina. Simo katika kundi la wanaotaka kuuvunja Muungano kwa hoja ya karatasi. Nasema tu kwamba miaka zaidi ya 60 imepita na bado tunadaiwa jibu la swali hilo. Ridhaa isiyoacha ushahidi ni deni lisilokwisha.

Somo la tatu ni la mwaka 1992 na 1993. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992. Kwa kuwa mambo ya nchi za nje ni jambo la Muungano, mzozo ukazuka juu ya nani ana haki ya kuifunga nchi, wabunge 55 wakaibuka na hoja ya kudai Serikali ya Tanganyika, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa katika jumuiya hiyo. Swali la nani anaweza kuingia katika mapatano na nje, swali ambalo wengi hulidhani ni la wataalamu wachache, lilitikisa nguzo za nyumba yetu.

Majirani wamefika wapi

Ghana iliandika jambo hili vizuri kuliko sisi. Ibara ya 75 ya Katiba yake ya mwaka 1992 inamruhusu Rais kufanya mikataba, lakini inataka iridhiwe na Bunge, ama kwa sheria ama kwa azimio linaloungwa mkono na zaidi ya nusu ya wabunge wote. Haijali mkataba wenyewe unasema nini kuhusu kuridhiwa. Januari 2016 Serikali ya Ghana iliwapokea watu wawili waliokuwa wamefungwa Guantanamo, kwa makubaliano na Marekani yaliyofanywa kwa kubadilishana barua za kibalozi. Raia wakashtaki. Juni 2017 Mahakama ya Juu ikasema barua zile ni mkataba kama mkataba mwingine wowote, na kwa kuwa hazikupelekwa Bungeni, Katiba ilivunjwa. Serikali ikapewa miezi mitatu. Bunge likaketi na kuyaridhia makubaliano yale, na wale wawili wakabaki.

Wapo watakaosema: basi kesi ilisaidia nini, ikiwa matokeo ni yaleyale? Ilisaidia kwamba uamuzi ukawa na wenyewe. Kuna orodha ya waliosema ndiyo na orodha ya waliosema siyo, na mpiga kura anajua wa kumuuliza. Ghana haikuishia hapo. Ibara ya 181(5) inapeleka Bungeni hata miamala ya kimataifa ya biashara na uchumi ambayo Serikali ni mshirika wake. Huo ndio ufunguo wa vile vyumba nilivyovitaja.

Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, inasema katika Ibara ya 2(6) kwamba mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi. Ibara ya 71 inataka Bunge liidhinishe miamala ya kutoa haki juu ya maliasili. Na sheria ya mwaka 2012 inaeleza njia ya mkataba kutoka Baraza la Mawaziri hadi Bunge la Taifa, wananchi wakishirikishwa. Hata hivyo sitaipamba Kenya kupita kiasi. Sheria hiyohiyo inaacha nje baadhi ya makubaliano ya nchi mbili, na mikataba ya mkopo wa reli ya kisasa ya mwaka 2014 ilikaa gizani mpaka Novemba 2022, sehemu yake ilipotolewa hadharani. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kwamba taratibu za ununuzi zilivunjwa katika mradi ule, lakini reli ilikuwa tayari imejengwa na deni lilikuwa likilipwa. Katiba nzuri ni jembe, shamba halijilimi.

Yanayosemwa dhidi yetu

Wanaopinga hoja hii wana sababu nne, na ninazichukua kwa uzito.

Wanasema diplomasia inahitaji siri. Majadiliano, ndiyo. Hakuna anayedai wabunge wakae nyuma ya mwanadiplomasia wakati anapatana. Lakini kinachofichwa baada ya kupatana si mbinu tena. Ni matokeo, na matokeo ni mali ya watakaoyalipia.

Wanasema mikataba ni mingi, Bunge litazama. Ndiyo maana nadai orodha ya mambo. Makubaliano ya kubadilishana wanafunzi au wataalamu wa takwimu yaendelee kufanywa na mawaziri, mradi orodha yake iwekwe mezani kila mkutano wa Bunge ili yeyote aweze kuuliza.

Wanasema wawekezaji watakimbia. Anayewekeza kwa miaka 30 hutafuta utulivu. Mkataba uliopita njia iliyo wazi, ukajadiliwa na kupigiwa kura kwa majina, ni mgumu kuuyumbisha awamu ikibadilika. Ule uliopita usiku ndio unaoamsha kamati za uchunguzi asubuhi.

Sababu ya nne huitoa marafiki zangu wanaharakati, na ndiyo inayoniuma zaidi: Bunge lenyewe limejaa wabunge wa chama kimoja, litaridhia lolote, unatugombanisha kwa ajili ya muhuri. Nawajibu hivi. Utaratibu haukuwekwa kwa ajili ya wabunge peke yao. Siku 30 za hati kuwa hadharani ni siku 30 za mhandisi kuikagua, mwanahabari kuiuliza, kanisa na msikiti kuizungumza, mwanafunzi kuiandikia tasnifu. Mwaka 2023 tuliona nguvu ya siku chache tu: nchi nzima ilisoma mkataba. Wakulima walitaja namba za ibara vijiweni. Tupeni mwezi mmoja, kisha mseme kama muhuri ni muhuri.

Tunachodai

Madai yangu yako matano, na ningependa kila mwanafunzi anayesoma hapa ayapinge au ayaboreshe kabla ya kuyabeba.

Kwanza, mkia wa aya ya (e) ukatwe, na “laweza” ligeuzwe kuwa sharti. Mkataba wowote unaohusu mambo yaliyoorodheshwa katika Katiba usiifunge Jamhuri ya Muungano mpaka Bunge liuridhie, hata kama wenyewe haukutaka kuridhiwa, na hata kama umevaa jina la itifaki, hati ya makubaliano au barua.

Pili, andiko zima liwekwe hadharani kwa Kiswahili angalau siku 30 kabla ya kura. Mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna sababu ya mkataba unaoshika bandari kubaki Kiingereza peke yake.

Tatu, mikataba ya utekelezaji inayotokana na mkataba ulioridhiwa nayo ipite Bungeni kabla ya kuanza kutumika, pamoja na tarakimu zake.

Nne, mkataba unaozidi miaka 20, au unaoizuia nchi kujitoa, upitishwe na theluthi mbili ya wabunge wote, kama tunavyofanya tunapobadili Katiba. Kwa kweli kufunga mikono ya vizazi vijavyo ni kubadili Katiba kwa jina jingine.

Tano, njia ya kutoka iwe ileile ya kuingia. Haki iliyotolewa kwa raia kwa mkataba isirudishwe ila kwa kura ya wawakilishi wa raia.

Nimalizie kwa neno kwa watumishi wa umma, kwa sababu najua mnasoma hapa ingawa hamchangii. Ninyi ndio mnaoandika rasimu ya kwanza. Kabla waziri hajashika kalamu, kuna ofisa mmoja aliyeandika kama mkataba utaanza kutumika “baada ya kuridhiwa” au “siku ya kutiwa saini”. Mpaka Katiba itakaporekebishwa, maneno hayo machache ndiyo yanayofungua au kufunga mlango wa Bunge, na yako chini ya mkono wako. Ibara ya 8 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Andika “baada ya kuridhiwa”. Ukiulizwa kwa nini, waonyeshe ibara hiyo.